Naro Moru: Mfundishe mtoto kuvua trauti akiwa kwenye nyasi kwanza

Barabara ya kutoka Kiganjo kwenda Nanyuki inapofika Naro Moru, wasafiri wengi hupita mbio wakiutazama Mlima Kenya kupitia dirishani. Hawajui kwamba karibu hapo pana mto wenye samaki ambao watu hupanda ndege kuja kuwavua. Mto wenyewe si mkubwa. Kuna mahali mtu mzima anauvuka kwa kukanyaga mawe manne matano. Maji yake yanatoka juu kabisa, kwenye bonde la Teleki chini ya barafu ya mlima, na hata saa sita mchana ukitumbukiza mkono vidole vinauma.

Samaki hao ni trauti, na si wenyeji. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Loch Leven kule Scotland mwaka 1905, mlowezi Ewart Grogan akawapandikiza kwenye mto Gura, milima ya Aberdare. Baadaye wakaja trauti wenye mstari wa waridi ubavuni, ambao kwao ni Amerika Kaskazini. Kituo cha serikali cha Kiganjo kimekuwa kikizalisha vifaranga vyao kwa miaka mingi. Kwa muda mrefu uvuvi huu ulikuwa wa walowezi, na watoto wa hapa waliujua kwa kubeba mikoba. Ndiyo maana hadi leo mzazi wa Nyeri akisikia "kuvua kwa nzi" anadhani ni mambo ya wazungu wenye pesa.

Nilikwenda na familia moja ya Nairobi yenye binti wa miaka 10. Alikuwa ameona video ya mtu akirusha mshipi, akasumbua nyumba nzima miezi miwili. Baba yake alikuwa ameshanunua fimbo ya kuvulia mtandaoni. Mzee anayeongoza wavuvi pale, ambaye watoto wote humwita Guka, aliigeuza mara mbili mkononi.

"Kijana, hii ni nzuri ukienda ziwani," akamwambia. "Hapa itakuchosha bure."

Sababu ni rahisi ukielezwa. Katika uvuvi wa kawaida, kipande cha risasi kilichofungwa karibu na ndoana ndicho kinachovuta mshipi kwenda mbali. Nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyovikwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu, hana uzito wowote. Kwa hiyo mshipi wenyewe hutengenezwa mnene na mzito, na fimbo inayopinda ndiyo inayourusha. Fimbo imeandikwa namba, na mshipi umeandikwa namba. Zikitofautiana, hakuna atakayejifunza kitu siku hiyo. Kwa vijito vya mlimani namba 4 au 5 inatosha, na kwa mtoto fimbo ya futi 7 au 8 haimlemei. Rili kazi yake kubwa hapa ni kuhifadhi mshipi, basi. Ukiwa na pesa kidogo, zitumie kwenye mshipi.

Ushauri wangu ni kwamba safari ya kwanza usinunue chochote. Waongozaji wengi wana vifaa vya kuazima au kukodisha. Mlipe mwongozaji kwanza, fimbo itafuata mtoto akirudi mara ya tatu bado anaitaka.

Na nzi bandia usiwaagize ng'ambo. Kenya ina mafundi wanaowafunga kwa mkono, na nzi wao huuzwa Ulaya na Marekani. Mmoja anaitwa Kenya Bug, kwa hiyo mtoto wako anaweza kuanza na kitu cha nyumbani.

Guka hakumpeleka binti mtoni. Alimsimamisha kwenye uwanja wa nyasi, akafunga kipande cha uzi wa sweta mahali pa ndoana, akachora uso wa saa hewani. Nyuma fimbo isimame kwenye tarakimu 1, mbele isimame kwenye 10. (Binti aliuliza kama ni saa kumi ya jioni. Mama yake alicheka mpaka akakaa chini.) Kosa la kila anayeanza ni haraka. Mshipi ukienda nyuma lazima usubiriwe unyooke, ndipo urushwe mbele. Ukiuharakisha unalia kama kiboko na kujikunja miguuni mwako. Saa nzima ilipita kwenye nyasi, na baba mtu ndiye aliyekuwa na shida zaidi, kwa sababu alitumia nguvu.

Saa hiyo moja ina maana kwangu kwa sababu ya kazi yangu. Niliwahi kukutana na mvulana kwenye wodi ya macho aliyeingiwa na ndoana jichoni wakicheza na wenzake kando ya bwawa, bila mtu mzima. Mmoja wao alikuwa ameivuta ili kumsaidia, na madhara yakawa makubwa zaidi. Kwa hiyo miwani na kofia si urembo. Mtoto avae kabla hajashika fimbo, na kila aliye karibu naye avae pia. Mwombe mwongozaji abane kwa koleo kile kijino kinachorudi nyuma karibu na ncha ya ndoana. Ndoana isiyo na kijino ikichoma kidole hutoka kirahisi, na samaki pia haumii sana. Ikiingia jichoni au karibu na jicho, usiitoe. Kata uzi, funika jicho kwa kikombe kisichogusa ndoana, nenda hospitali. Kabla ya safari angalia kama chanjo ya pepopunda ya mtoto imekamilika.

Wazazi huniuliza kuhusu kichocho. Konokono wanaokieneza hawastawi kwenye maji baridi yaendayo kasi kama haya, kwa hiyo hofu hiyo hapa ni ndogo. Lakini msinywe maji ya mto hata yakiwa meupe kama kioo. Juu yenu kuna mifugo na watu. Adui wa karibu zaidi ni baridi: mtoto akianza kutetemeka, mtoe majini, mvue nguo zilizolowa, mpe chai. Bebeni seti ya pili ya nguo.

Nendeni Januari au Februari, mvua ikiwa haba. Aprili na Mei mto huweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mlimani huku kwenu jua linawaka. Ndani ya hifadhi kuna kiingilio na kibali cha KWS, pia kuna nyati na ndovu, kwa hiyo msiingie bila mtu anayelijua eneo. Nje ya hifadhi, muulize mwenye ardhi. Mwongozaji akikuahidi samaki, tafuta mwingine. Wa maana atakuuliza umri wa mtoto na kama anajua kuogelea.

Binti alipata mmoja karibu saa kumi, sasa ile ya jioni kweli, mrefu kama kiganja cha mama yake. Guka alimwambia alowanishe mikono kwanza, kwa kuwa mikono mikavu huondoa ute unaomkinga samaki na magonjwa, kisha amshike akiwa ameelekea maji yanakotoka mpaka apate nguvu. Baba alitaka picha. Kabla hajaifungua simu, trauti alikuwa ameshaondoka, na binti anauliza kama wanaweza kulala hapa.