Mama Hana Digrii

Siku hizi nalipwa kunyoosha barua za watu wanaoomba ufadhili wa uongozi katika kilimo. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini sentensi zangu zimepandisha watu ndege.

Sina ubaya na hizi programu. AWARD, iliyoanza hapa Nairobi mwaka 2008, humpa mwanasayansi mwanamke mshauri, naye anamshika mkono msichana aliye nyuma yake. Hiyo naipenda sana. Ila ni ya wenye digrii, na hapo namkumbuka mamangu kule Nyandarua.

Kanuni za viazi za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Mabroka wakaendelea kuja na magunia yaliyoshonewa kilemba juu, bei ile ile. Mama na wenzake tisa wakakataa kupakia. Wiki mbili viazi vikakaa stoo, vingine vikaanza kuota. Wanaume wakacheka (baba pia, tusidanganyane). Broka wa tatu akaja na mizani.

Juzi nikampigia, nikamsomea swali la fomu: eleza wakati ulipoongoza watu.

“Kwani kuongoza ni nini? Sisi tulikataa tu.”

Nimeandika hivyo hivyo. Fomu hii haiulizi digrii. Inafungwa Ijumaa.