Gari la Bwana, Jasho la Dereva
Ukitoka Paris, Ufaransa, ukaelekea kusini-magharibi kiasi cha kilomita 200, utafika mji wa Le Mans. Barabara yake ndefu ya Hunaudières hupitwa na malori na magari ya kawaida siku nyingi za mwaka. Lakini Juni 1949 hapo ndipo iliponguruma Ferrari 166 MM, gari dogo la Kiitaliano lenye injini ya lita 2.

Miezi miwili kabla, gari hilo lilikuwa limeshinda Mille Miglia, kutoka Brescia hadi Roma na kurudi, likiendeshwa na Clemente Biondetti. Le Mans lilikuwa mali ya Lord Selsdon wa Uingereza. Mwenyewe alishika usukani kwa muda mfupi tu. Luigi Chinetti, mwenye umri wa miaka 47, aliendesha zaidi ya saa 22 kati ya 24. Mizunguko 235 ikawapa ushindi, wa kwanza wa Ferrari hapo.

Kumbukumbu zimewaandika wote wawili kuwa washindi. Hata hivyo, mchumia juani hulia kivulini: baadaye Chinetti alikuwa muuzaji mashuhuri wa Ferrari nchini Marekani. Je, msomaji, wewe ungempa nani kikombe?