Mushale wa mwisho wa Katniss



Kitabu cha tatu cha Suzanne Collins, kinachoitwa kwa Kifaransa « La Révolte », kimezunguka kati yetu mupaka karatasi zake zimeanza kuanguka. Mabishano yake nayo yamezunguka, katika nyumba ya kulala na hata katika mustari wa chakula. Nataka kuandika hapa maneno ambayo sikuweza kuyamaliza kwa mudomo, kwa maana kelele ilikuwa nyingi.

Kwa wale ambao hawajasoma, nieleze kwa kifupi. Mwandishi ni mwanamuke wa Marekani, na baba yake alikuwa askari wa jeshi la anga aliyetumwa katika vita ya Vietnam. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka wa 2008, cha pili 2009, na hiki 2010. Aliandika tena vingine katika 2020 na 2025, lakini hivyo vinarudi nyuma katika mambo ya zamani. Habari ya Katniss mwenyewe inaishia hapa.

Inchi yake ni Panem, inchi ya wakati ujao, juu ya mabomoko ya Amerika ya Kaskazini. Muji mukubwa, Capitol, unakula jasho la wilaya 12. Kila mwaka unatwaa kutoka kila wilaya kijana mumoja na binti mumoja, wa miaka 12 mupaka 18. Watoto wale 24 wanauana mbele ya televizio mupaka abaki mumoja tu. Neno panem ni la Kilatini, maana yake mukate. Ni mukate na michezo, vile vitu ambavyo wakubwa wa Roma walitupia watu ili wasiulize kitu.

Prezidenti Snow ni mubaya; hapo hakuna anayebisha. Mabishano yetu ni juu ya Coin, mama anayeongoza waasi wa wilaya ya 13. Wilaya hii ilisemwa kwamba imekwisha kuharibiwa, kumbe watu wake wanaishi chini ya udongo. Kila asubuhi mutu anatia mukono katika mashini, na programu ya siku inaandikwa juu ya ngozi yake. Chakula kinapimwa. Direkteri wa entarnati angefurahi! Lakini angalieni: wale watu watatu waliokuwa wakimupamba Katniss kule Capitol, Katniss anawakuta wamefungwa minyororo, wamepigwa, juu ya mukate. Mimi nilisimama hapo, nikasoma ukurasa ule mara mbili. Vita haijaisha, na tayari mukombozi anafunga mutu minyororo juu ya kipande cha mukate.

Sasa tufike kwenye bomu. Gale, rafiki wa Katniss tangu utoto, pamoja na Beetee, fundi wa vyombo, walifikiri mutego wa namna hii: bomu la kwanza linaumiza watu, kisha munangoja. Wenye huruma wakikimbia kusaidia, bomu la pili linawaua. Karibu na mwisho wa vita, watoto wa Capitol wanawekwa mbele ya nyumba ya Snow kama ukuta. Ndege yenye alama ya Capitol inaangusha vifurushi vidogo. Watoto wanainua mikono, wakizani ni chakula. Vinapasuka. Waganga wa waasi wanakimbia kuwaokoa, na kati yao ni Prim, mudogo wake Katniss, mwenye miaka 13. Halafu vile vilivyobaki vinapasuka.

Snow mwenyewe anamwambia Katniss kwamba si yeye aliyetuma ile ndege. Gale anaulizwa kama lilikuwa bomu lake, naye hawezi kujibu. Kisha Coin anakusanya washindi saba waliobaki na kuwauliza: tufanye mara moja tena ile michezo, na watoto wa Capitol? Wanne wanakubali, watatu wanakataa. Katniss ni kati ya wale wanne. Lakini ile siku ya kumuua Snow mbele ya watu wote, anainua upinde na kumupiga Coin.

Rafiki yangu mumoja alikasirika sana. « Ule mama alikomboa inchi! Sasa juu ya nini kumuua? Snow ndiye alikuwa mbele yake! » Wengine wanasema Katniss alikubali michezo kwa uchungu wa mudogo wake. Mimi naona alikubali ili Coin asimuogope, apewe ule upinde. Kitabu hakisemi wazi, na kila mutu atajitafutia jibu.

Jibu langu nilisaidiwa na bibi yangu. Yeye amekimbia vita zaidi ya moja, na watoto mugongoni. Wakati wa likizo nilimusimulia habari hii jioni. Nilipofika kwa vifurushi, akanikatisha: « Wale waliokimbia kusaidia, ni wa upande gani? » Nikasema: « Wa waasi, bibi. » Akanyamaza kidogo. « Basi wametegwa na watu wao. Mujukuu, mutu anayetega huruma ya mwenzake, hata akishinda, usimufuate. »

Ndiyo maana nasema ule mushale haukuharibu ushindi. Kama Coin angebaki, michezo ingeanza upya, majina tu yangebadilika. Baada yake Paylor, aliyeongoza waasi wa wilaya ya 8, anakuwa prezidenti. Katniss hapati kiti wala sifa. Anarudi katika wilaya ya 12, iliyogeuka majivu, na Peeta anapanda maua kando ya nyumba, yale yenye jina la Prim. Ndiyo zawadi yake yote.

Ndugu, mutu akija kusema anatuokoa, tusiangalie tu adui anayemupiga. Tuangalie vile anavyomutendea yule aliyeiba mukate.

Mwenye mawazo mengine aandike. Rafiki yangu amekwisha kuchukua kalamu.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano