Nyumba ya Ngamiani

Mwaka 1993, mashirika ya umma yalipokuwa yakipangwa upya na mengine kuuzwa, nilikuwa karani wa hesabu katika mojawapo, Dar es Salaam. Jina langu lilitoka kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Nikapokea kiinua mgongo, nikarudi nacho Magomeni tulikokuwa tumepanga, na usiku ule mimi na mke wangu tukapiga hesabu: kodi, maji ya madumu, nauli, chakula. Hatukujaaliwa watoto, kwa hiyo hakukuwa na shule iliyotufunga. Yeye alikuwa fundi cherehani, na cherehani hubebeka. Akasema, "Bwana, pesa hizi tukizila hapa hazitatufikisha mwakani. Tutafute mji."

Wenzangu wengi walirudi vijijini kwao. Kwetu sisi jambo hilo lilikuwa gumu. Mimi ni mtu wa Dodoma, yeye wa Lindi, na popote ambapo tungekwenda kati ya kwetu na kwao mmoja wetu angekuwa ukweni maisha yake yote. Tukakubaliana tutafute mahali ambapo sote wawili ni wageni. Masharti ya mke wangu yalikuwa ya mtu anayejua kazi yake: soko la kufikika kwa miguu, hospitali kubwa, na watu wanaoshona nguo mwaka mzima, si sikukuu hadi sikukuu. Langu lilikuwa moja tu, mji uwe mzuri. Nilikuwa nimeishi miaka mingi nikitazama ukuta wa jirani kutoka dirishani, na nilitaka kabla ya kuzeeka nikae mahali ambapo mtu akitoka nje anafurahi kwamba ametoka.

Tulianza na Lushoto. Kutoka Mombo barabara inapanda milima ya Usambara ikijikunja, unapita Soni penye maporomoko ya maji, na kadiri unavyopanda ndivyo joto linavyokuacha. Wajerumani waliuita mji ule Wilhelmstal. Sokoni tulikuta plamu, pea, karoti na kabichi, vitu vilevile tulivyovinunua Kariakoo vikiwa vimeshapanda bei na kunyauka. Tukaenda Irente, tukasimama ukingoni mwa jabali, nyika imetandaa chini hadi macho yanachoka. Ningelipa kodi siku ileile. Mke wangu alinishika mkono akanionyesha goti lake. Lushoto huendi popote pasipo kupanda au kushuka, na mtu aliyekanyaga cherehani kutwa hawezi kupanda kilima jioni akiwa na kapu. Sikubishana naye. Goti ni lake na kazi ni yake.

Moshi hatukukaa. Ni mji safi, na Kilimanjaro ikijitokeza asubuhi unasahau ulichokuwa unasema, lakini dalali alitutajia kodi zisizotofautiana sana na za Dar, tena ya mwaka mzima mkononi.

Mji uliomteka mke wangu ni Pangani. Mto unaotoka huko Kilimanjaro na Meru unaingia baharini palepale mjini, na pantoni inavusha watu kwenda Bweni. Kuna nyumba kongwe za mawe zenye milango ya nakshi, minazi, na utulivu ambao sijaukuta kwingine. Misafara ya bara ilikuwa ikiishia pale karne ya kumi na tisa, na palepale Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim mwezi Desemba 1889, kwa kuongoza watu wa pwani kuwakataa. Mke wangu alikaa kwenye ngazi za gati mchana kutwa. Nyumba ilipatikana, kodi ndogo ajabu. Lakini masika yalikuwa yameanza, na basi letu la kurudi Tanga lilinasa kwenye matope. Tukalisukuma, na mama mmoja mjamzito aliyekuwa akipelekwa hospitali ya Bombo huko Tanga ameketi kando ya njia akiuma upindo wa khanga. Hatukuzungumza mpaka tulipofika Tanga. Hapo mke wangu akasema, "Pangani tutakuja kutembea."

Tanga ilikuwa mahali pa kubadilishia basi tu, hatukuwa tumeiweka katika orodha yetu. Tulitoka stendi kutafuta chai, na chai ikatupeleka Ngamiani. Mtu asiyeifahamu Ngamiani nimweleze: ni mtaa wa nyumba za Kiswahili uliopimwa kwa mistari iliyonyooka, barabara zake zinaitwa kwa namba, kila nyumba na baraza yake, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma. Ardhi ni tambarare kama sinia. Baiskeli zilipita kimya, wazee, wasichana wa shule, mama aliyepakia ndoo ya samaki kutoka soko la Deep Sea. Mke wangu alitazama zile baiskeli kwa muda mrefu, na nilijua analifikiria goti lake.

Tulikula mbaazi za nazi kwa mandazi kwenye baraza ya bi mkubwa mmoja. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akatuuliza tunatoka wapi, tunakwenda wapi. Mke wangu akamweleza ukweli wote, maana yeye hakuwahi kujua kuficha haja. Yule mama akainuka, akafungua mlango wa ukumbi. Vyumba vilikuwa vitupu isipokuwa cha mbele alicholala mwenyewe. Uani palikuwa na bomba, naye akalifungua maji yakatoka. Kwa kodi ya chumba kimoja cha Magomeni tulipata nyumba yote iliyobaki, tena mwezi kwa mwezi. Tulihamia kabla masika hayajaisha.

Ilinichukua muda kujua kwa nini ilikuwa rahisi hivyo. Aliyenieleza ni mzee jirani, Muha wa Kasulu, aliyeletwa Tanga ujanani kama manamba, yaani kibarua wa mashamba ya mkonge. Katika miaka ya ukoloni wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, na malori yake yalifika mpaka Kigoma na Songea. Miche ya kwanza ya mkonge ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba yaliyofuata reli kutoka Tanga, na kufikia mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000. Mzee alikuwa akinyoosha kidole kutoka barazani: nyumba ile ilijengwa na nyapara, ile na mpagazi wa bandarini, ile na mwenye duka aliyewakopesha manamba. Kisha kamba za plastiki zikaingia duniani, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na hatimaye mengine yakageuka vichaka. Tulipofika sisi hata kiwanda cha mbolea kilikuwa kimefungwa. Vijana walikuwa wamepanda basi kwenda Dar, na kila aliyeondoka aliacha chumba.

Ndipo nilipoelewa vyumba vya bi mkubwa vilikuwa vya nani. Wanawe watatu wa kiume walikuwa Dar, na mmoja akiishi Manzese, kwa mguu tu kutoka chumba tulichokiacha sisi. Jambo hili liliniingia moyoni na halijatoka mpaka leo. Uzuri wa mji ule tuliukuta bure: upepo wa Raskazone jioni, machungwa ya Muheza yaliyomenywa kwa ustadi, taarabu ya Black Star na Lucky Star ambayo wazee waliikumbuka kwa majina ya waimbaji, mashabiki wa Coastal Union waliokuwa bado wanausimulia ubingwa wa 1988 mchezo kwa mchezo. Unafuu wake haukuwa bure. Mtu fulani alikuwa ameulipia.

Nasema hivi kwa sababu siku hizi vijana wawili wawili hunijia, wamechoka na kodi za Dar, wakitaka niwatajie mji mzuri wa bei nafuu. Tanga yenyewe imeshaanza kupanda tangu bomba la mafuta kutoka Hoima lilipopangiwa kuishia Chongoleani. Nawatajia miji, kisha nawaomba wakifika waulize nani alikuwa akikaa katika chumba wanachoonyeshwa, na yuko wapi sasa. Wengine huona ni maneno ya mzee. Lakini mtu anayehamia na mwenzake hapangi chumba peke yake, anaingia katika majirani, na majirani wanayo historia kabla yake.

Kazi ya mke wangu ilishika kuliko tulivyotumaini. Alishona kanzu za madrasa, sare za shule, na nguo za harusi zisizokwisha katika mji ule. Kila alasiri alipanda baiskeli kwenda kununua uzi, na goti likatulia. Mimi niliandikia wafanyabiashara wa sokoni vitabu vyao vya hesabu. Wauza samaki waliacha kuniita mgeni wakaniita mgosi, kama mwenyeji.

Mwaka 2001 wana wa bi mkubwa walikuja pamoja, wakasema wanataka kuuza nyumba, na kwa kuwa tumekaa na mama yao vizuri wanaanza na sisi. Wakataja bei. Nilikuwa nimeshazoea kupatana kwa kila kitu, toka fungu la dagaa mpaka bati la paa, na nikafungua kinywa. Mke wangu alinitangulia. Akawaambia, "Wanangu, baba yenu aliijenga kwa mgongo wake bandarini. Hatupunguzi hata shilingi." Tuliuza shamba dogo nililorithi Dodoma, tukalipa kama walivyotaja, na katika hati ya mauzo tukaandikisha kwamba chumba cha mbele ni cha mama yao muda wote wa uhai wake, bila kodi. Alikaa humo miaka kumi na zaidi.