Pete, Kando ya Msitu

Ukitoka mjini Unguja kwa gari la Makunduchi, ukishapita Tunguu na Bungi, hewa hubadilika kabla hujauona msitu wa Jozani. Joto la lami linatulia, na dirishani inaingia harufu ya majani yaliyoloa na tope la mikoko. Teremka nami hapa Pete. Enzi hizo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kituo kilikuwa kivuli cha mwembe, na utingo aligonga ubavu wa gari kwa kiganja ili dereva asimame.

Tufuate kijia. Chini ni maweni, jiwe la matumbawe lililochongoka, na udongo umejificha kwenye vishimo tu. Ndani ya vishimo hivyo Babu alipanda muhogo na migomba. Penye udongo mzuri zaidi, kando ya barabara, ilikuwa minazi, miembe na mikungu yake. Nyuma ya nyumba palikuwa na jiko la Bibi lililoezekwa makuti. Asubuhi lilinuka moshi wa vifuu na mihogo ya nazi, na mlangoni lilikaa fungu la makumbi yaliyofukuliwa kutoka kwenye tope la pwani, yakingoja kupondwa yawe usumba wa kusokotea kamba. Harufu yake ilikuwa kali, lakini mpaka leo nikiinusa popote nahisi nimefika kwetu.

Kima punju walikuja jua likianza kupasha majani. Kwanza utasikia matawi yakishuka na kupanda, kisha kikohozi kidogo cha dume, kisha utawaona: mgongo mwekundu, tumbo jeupe, uso mweusi wenye midomo ya waridi, na nywele nyeupe zimesimama kuzunguka paji. Hawana kidole gumba, lakini walilichagua jani changa la mkungu kwa utulivu wa mama anayechambua mchele. Watoto wao walining'inia matumboni, wakitutazama nasi tukiwatazama.

Babu hakuutazama uzuri huo. Yeye alisikiliza vidaka vikianguka. Mnazi una hesabu yake: kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi, na kila kidaka kilichogusa ardhi alikiona ni nazi iliyokwisha kutolewa mfukoni mwake. Alichukua debe akalipiga kwa fimbo mpaka kima wakahamia kwa jirani. "Mjukuu wangu," aliniambia, "mnyama huyu hajachimba hata shimo moja la mnazi."

Bibi alikuwa na jicho jingine. Aliwaona wakishuka jaani, wakiokota vipande vya mkaa, wakitafuna na kuondoka na vingine mkononi. "Tumbo linawauma hao," alisema, "wanajitibu." Wataalamu walioichunguza tabia hiyo walikuja kusema jambo linalokaribiana sana na la Bibi: majani ya miembe na mikungu yana kemikali zinazosumbua tumbo, na mkaa huzinasa. Watoto hujifunza kwa mama zao.

Wataalamu hao walihesabu minazi pia. Walikuta kwamba pale kima walipokula vidaka, nazi zilizokomaa hazikupungua, kwa kuwa mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi usivyoweza kuvilea. Babu alisikiliza habari hiyo barazani, kahawa mkononi, akaitafakari. Kisha akauliza, "Na maembe yangu je?" Lilikuwa swali la haki. Mkulima asiye na akiba hawezi kula wastani wa utafiti.

Katikati ya miaka ya 1990 barabara ikatiwa lami upya. Tulifurahi kweli. Samaki wa Makunduchi walipita wakiwa bado na macho maang'avu, na mgonjwa wa usiku alifika hospitali ya Mnazi Mmoja mapema. Lakini magari nayo yalishika mbio. Asubuhi moja, tukienda skuli, tulimkuta kima jike kando ya lami, na juu ya mkungu mtoto wake akilia kwa sauti nyembamba. Tulisimama pale mpaka kengele ya skuli ikatupita. Vifo vya namna hiyo viliendelea mpaka yakajengwa matuta. Madereva walinung'unika, lakini vifo vikapungua sana, na samaki hawakuchelewa mjini.

Jambo la kuni lilikuwa zito zaidi. Msitu ulipoanza kulindwa kwa ukali, aliyeumia kwanza alikuwa mama. Alikwenda mbali zaidi, akarudi na mzigo mdogo zaidi, na jioni shingo yake ilisingwa na Bibi kwa mafuta ya nazi. Kwa hiyo sehemu ya ada za wageni ilipoanza kurudi vijijini na kwa wakulima ambao mashamba yao kima huyatembelea, na njia ya mbao ikapitishwa katikati ya mikoko ili nayo ilete pato, sisi hatukuiona kama zawadi. Lilikuwa deni linalolipwa. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka vikawa hifadhi ya taifa. Kima punju, asiyepatikana kiasili nje ya Zanzibar, bado yupo: sensa iliyotangazwa baadaye ilihesabu zaidi ya 5,800.

Leo kusini mwa Unguja kunapimwa viwanja kila mwezi, na sisi wa huku tunataka maji, umeme na kazi kama watu wengine. Naomba jambo moja kwa wanaopima: kabla kamba haijavutwa, mkae barazani na mwenye minazi na mwenye mzigo wa kuni, muwasikilize mpaka mwisho. Matuta ya Jozani hayakuifunga barabara. Yalitufundisha mwendo ambao watu na kima wote wanaweza kuuishi.