Mtihani wa Kidato cha Nne: Ugumu Wake Uko Wapi Hasa?

Kila ifikapo Novemba, vijana wa kidato cha nne huingia katika vyumba vya mtihani wakiwa na kalamu, rula na matumaini ya ukoo mzima. Wengine wetu tuliopita huko zamani huwatazama na kusema, "Mbona na sisi tulifanya tukafaulu?" Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa kuwa nafundisha chuoni, na kila mwaka napokea vijana waliotoka kuutua mzigo huo, nimejiuliza mara nyingi: je, mtihani ule ni mgumu kweli, na kama ni mgumu, ugumu wake umekaa wapi?

Jibu langu ni kwamba ndani ya mtihani mmoja mna mitihani mitatu, nasi humpa kijana cheti kana kwamba amefanya mmoja.

Wa kwanza ni mtihani wa maarifa. Huu, kwa haki kabisa, haupiti kiasi. Maswali hutoka katika muhtasari wa masomo, muundo wake hujulikana mapema, na karatasi za miaka iliyopita zinapatikana. Mwanafunzi aliyekuwa na mwalimu wa fizikia kwa miaka yote minne, na aliyeshika waya na betri kwa mikono yake katika maabara, akikutana na swali la umeme huliona kuwa ni swali. Mwenzake aliyekaa miaka miwili bila mwalimu wa somo hilo huliona fumbo. Karatasi ni ile ile, muda ni ule ule. Kilichotofautiana ni kile ambacho sisi, kama taifa, tuliwapa kabla ya siku hiyo.

Wa pili ni mtihani wa lugha, nao haumo katika ratiba. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hujifunza kwa Kiswahili kwa miaka saba, kisha kidato cha kwanza humgeuzia kila kitu kwa Kiingereza. Mwaka fulani binti wa dada yangu alikaa kwangu wakati wa likizo akijiandaa kwa mtihani huo. Jioni moja nilimwomba anieleze jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Alinieleza kwa Kiswahili, bila daftari, kuanzia mwanga wa jua mpaka sukari inayohifadhiwa. Hata akanitajia usanisinuru, neno ambalo wasomi wengi hulikwepa. Nikampa karatasi, nikamwambia, "Sasa andika hayo hayo kama utakavyoyaandika Novemba." Aliandika mistari miwili, akafuta mmoja. Kisha akaweka kalamu chini na kusema, "Mjomba, ninayajua, lakini hayatoki."

Sijapata kusikia maelezo mafupi na sahihi zaidi ya tatizo letu la elimu. Maarifa yalikuwamo, mlango wa kutokea ndio uliofungwa. Msahihishaji aliye mbali hawezi kumtofautisha asiyejua na anayejua lakini hayatoki. Wote wawili atawapa alama moja, nasi wote wawili tutawaita wazembe.

Wa tatu ni mtihani wa uzito, yaani thamani tunayoibandika juu ya matokeo. Hapa nawaomba wasomaji, hasa watumishi wa umma, wakumbuke yaliyotokea mwanzoni mwa mwaka 2013. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012 yalipotangazwa Februari, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri. Nchi ilishtuka. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume, na Mei mwaka huo huo serikali iliyafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011. Hakuna mtoto aliyerudi darasani kuandika upya hata sentensi moja. Hata hivyo, matokeo mapya yalipotoka, idadi ya waliofaulu iliongezeka. Kwa maelfu ya vijana, tofauti kati ya kufeli na kufaulu ilikuwa ni uamuzi wa watu wazima juu ya mahali pa kuuweka mstari.

Sisemi kwamba mitihani haina maana. Nami huitunga na kuisahihisha. Nasema kwamba mstari unaowekwa na binadamu, na unaoweza kusogezwa na binadamu, haustahili kugeuzwa kuwa hukumu juu ya utu wa kijana wa miaka 17. Lakini ndivyo tunavyofanya. Matokeo ya kila shule huwekwa mtandaoni, namba kwa namba, na kabla ya jua kuzama jirani amekwisha kuuliza, "Wa kwenu kapata ngapi?" Baraza la Mitihani lilipoacha, mwanzoni mwa mwaka 2023, kutangaza orodha ya shule na wanafunzi bora kitaifa, wengi walilalamika. Mimi niliona ni hatua ya busara, ingawa nyumbani kwetu mashindano hayo bado yanaendelea bila tangazo la mtu yeyote.

Msongo wa mawazo kwa watahiniwa huzaliwa katika mtihani huu wa tatu. Binti yule aliacha kula chakula cha usiku, akawa anakesha na vitabu mpaka alfajiri na kushinda mchana akisinzia. Kilichomsaidia hakikuwa nasaha za kujikaza. Tulikubaliana alale saa nne usiku, liwe liwalo. Kila siku akachagua swali moja la miaka iliyopita, akalieleza kwanza kwa Kiswahili kwa sauti, kisha akaandika jibu kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi fupi, kwa muda uliopimwa. Mama yake naye, kwa simu, alimwambia neno ambalo nadhani lilimtibu kuliko yote: "Matokeo yoyote utakayopata, chumba chako kipo." Hamu ya chakula ilirudi wiki ile ile.

Wanafunzi mnaosoma hapa, jueni pia kwamba njia haziishii kwenye daraja moja. Mtihani huweza kurudiwa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vipo vyuo vya ufundi stadi, ipo ngazi ya astashahada, na baadaye stashahada. Katika madarasa yangu wamepita vijana waliofika chuo kikuu kwa kuzunguka njia hiyo ndefu, na mara nyingi hao ndio wanaouliza maswali mazito zaidi, kwa sababu wamejifunza kutoamini kwamba cheti ndicho akili. Na yeyote anayehisi giza limemzidi asikae nalo peke yake: amwendee mzazi, mwalimu anayemwamini, kiongozi wa dini au mhudumu wa afya, na amwambie wazi.

Kwa wanaharakati na watumishi wa umma, hoja yangu ni moja. Tukitaka mtihani upime maarifa, basi tuwape watoto mwalimu na maabara, tuamue kwa ujasiri suala la lugha ya kufundishia, na tuweke shuleni mshauri nasaha mwenye muda wa kusikiliza, badala ya kumtwika kazi hiyo mwalimu mwenye vipindi 30 kwa wiki. Tusipofanya hivyo, tutaendelea kila mwaka kuwahoji vijana kwa deni letu wenyewe, na wasipoweza kulilipa, tukawaandikia sifuri.