Ubishi wa Msondo na Sikinde Ulipohamia YouTube

Ukikulia Dar es Salaam miaka ya 1980, swali la kwanza lilikuwa Simba au Yanga, na la pili Msondo au Sikinde. Kwetu Ilala tulikuwa Msondo. Baba mdogo, aliyekuwa akiishi chumba cha uani, alikuwa Sikinde, na redio ilipopiga dansi ubishi ulianza upya: nani ana waimbaji, nani ana wapulizaji, nani kamwiga nani. Sikumbuki siku waliyokosana kwa sababu hiyo. Miaka mingi baadaye niliukuta ubishi uleule YouTube, na nikaona ulivyonoga, ulivyochafuka na ulivyotengenezwa tena. Naandika kwa sababu naamini yaliyotupata wapenzi wa zilipendwa yana somo kwa kila anayebishana na watu asiowaona.

Kwa asiyejua chanzo cha utani huu, NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika, na jina la bendi lilibadilika: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, hadi ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake, akiwemo Muhidin Maalim Gurumo, walihama na kwenda kuunda Mlimani Park, bendi iliyokuja na mtindo wa Sikinde. Mahasimu hao wawili, basi, walitoka tumbo moja. Mashabiki wao walitupiana madongo wakijua hivyo, na ndiyo maana madongo hayakuua undugu.

YouTube ilianza mwaka 2005, lakini wengi wetu tuliifikia tukiwa tumechelewa, kupitia intaneti kafe za kulipia kwa saa, ambako wimbo mmoja ulijipakia kwa kusuasua huku saa yako ikiyoyoma. Mkongo wa SEACOM ulipofika pwani ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2009, mambo yalianza kulainika. Nyimbo za zamani nyingi nilizozikuta huko zilipandishwa na wenzetu walioko Uingereza, Marekani na Omani, watu walioondoka na kaseti zao na hawakuzitupa. Picha haikuwa na jipya: sura ya santuri, au bendi imesimama na magitaa, basi, inabaki hiyohiyo hadi wimbo unaisha. Video haikuruhusiwa kuzidi dakika kumi. Dansi lilitosha humo, ila taarabu ndefu ilikatwa vipande viwili, na mjadala nao ukakatika.

Maoni yalikuwa na kikomo cha herufi 500. Sasa naona kikomo kile kilitusaidia. Mtu alipima maneno kabla ya kuandika. Mwenye habari ndefu aliigawa na kumalizia kila kipande kwa "inaendelea", na wengine tukasubiri amalize ndipo tumjibu. Tulikuwa wachache. Hatukujuana majina, lakini tulijuana kwa ubishi: huyu ni yule wa Tanga asiyekubali kwamba kuna bendi iliyoizidi Atomic Jazz, yule ni wa Morogoro, ukimgusia Mbaraka Mwinshehe umemgusa mzazi wake, na wa Tabora naye utamjua tu.

Hakuna aliyetuandikia kanuni, lakini zilikuwepo. Anayeingia anasalimu. Anayedai anatoa ushahidi. Anayetaniwa anatania. Aliyeshindwa anasema, "Hapo mmenipata," na mjadala unahamia wimbo mwingine.

Nautaja ubishi mmoja kama mfano. Kulikuwa na wimbo uliorekodiwa kutoka redioni, sauti ya mtangazaji imekatwa, jina la bendi halijulikani vizuri. Bwana mmoja wa Mombasa aliandika kwamba ni NUTA. Mwingine, Mtanzania aliyekuwa akiishi Muscat, akasema hapana, hiyo ni JUWATA. Siku mbili tatu watu walileta hoja: mlio wa solo, idadi ya wapulizaji, hata namna besi ilivyorekodiwa. Ndipo yule mzee wa Tanga akaandika kwa ufupi: "Wanangu, nendeni dakika ya 5:12. Sikilizeni chini ya tarumbeta." Ukibofya namba ile, video inakupeleka palepale. Tukaenda. Kwenye chemko, wakati wapulizaji wamepamba moto, mwimbaji mmoja anaita jina la bendi, mara moja tu, kwa mbali: JUWATA. Bwana wa Mombasa akajibu, "Shikamoo mzee wangu. Nimeusikiliza wimbo huu tangu nikiwa kijana na sijawahi kulisikia hilo." Mzee akaitikia, "Marahaba mwanangu. Na mimi nimelisikia jana tu, wewe ndiye uliyenifanya nisikilize." Ubishi wetu ulikuwa wa namna hiyo, kila mtu aliondoka na kitu.

Utani nao ulikuwa na ufundi wake. Shabiki wa Msondo aliwaandikia wa Sikinde: "Mtoto hata akue vipi, hamzidi mama yake umri." Hazikupita saa nyingi, jibu likaja: "Mama mwenyewe siku hizi anatunzwa na huyohuyo mtoto." Wengine walijibizana kwa mashairi, vina na mizani vikiwa sawa, kama washairi wetu walivyolumbana magazetini tangu zamani. Aliyejibiwa kwa shairi aliona aibu kurudisha nathari kavu, na matusi ndiyo kabisa, kwani angeonekana hana jibu.

Utani katika jamii zetu una masharti. Mzaramo na Mnyamwezi, Mchaga na Mpare, wanaambiana maneno ambayo mtu baki angeyatamka ingekuwa kesi. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayefika msibani mapema na kushika kazi. Haki ya kukutania anaipata kwa sababu yupo siku yako ya shida. Masharti hayo niliyaona yakitimizwa Aprili 2014, Gurumo alipofariki dunia. Alikuwa ameimba NUTA, akaimba Mlimani Park, na alikuja kurejea Msondo. Chini ya nyimbo zake za pande zote mbili watu walikuja kupeana pole. Wa Sikinde aliwaandikia wa Msondo, "Poleni ndugu zetu, mzee alikuwa kwenu." Akajibiwa, "Tupeane pole, alikuwa kwetu sote." Hakuna aliyetania wiki ile, na hakuna aliyeambiwa asitanie.

Hata hivyo, mabadiliko yalikuwa yameshaanza. Mwaka 2013 YouTube iliondoa utaratibu wa kujibu video kwa video, ambao baadhi yetu waliutumia kuonyesha kwa gitaa jinsi solo fulani ilivyopigwa. Novemba mwaka huohuo ililazimisha kila anayetoa maoni awe na akaunti ya mtandao wa kijamii wa Google+. Hata Jawed Karim, mmoja wa waasisi wake, aliyepandisha video ya kwanza kabisa, alilalamika hadharani. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, yaani maoni yawe bora na watu wawajibike. Kwetu ilileta kinyume. Wazee kadhaa waliojulikana kwa majina ya mitindo na bendi walishindwa na utaratibu mpya, au hawakutaka jina lao la pasipoti lining'inie kwenye ubishi wa muziki. Wakanyamaza. Sharti hilo lilikuja kuondolewa, uamuzi wake ukitangazwa mwaka 2015, lakini wengi wa waliokwishaondoka sikuwaona tena.

Jambo jingine lililobadilika ni mpangilio. Zamani maoni mapya yalikaa juu, ukisoma unafuata mazungumzo. Sasa yalikaa juu yale yaliyopendwa na kujibiwa zaidi, na kinachojibiwa zaidi mara nyingi ni uchokozi. Mzee aliyeeleza kwa utulivu kwamba wimbo ulirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) na si Nairobi alizama chini. Aliyeandika "muziki wenu wa kizee" alikaa kileleni na majibu mia.

Kisha simu janja zikashuka bei na bando likaja, watu wakamiminika. Nilifurahi, kwa kuwa nyimbo zile zilikuwa zikisahaulika. Lakini waliokuja hawakuwa na historia ya pamoja nasi, na utani bila historia ya pamoja hugeuka dharau haraka. Nililiona hilo chini ya nyimbo za Les Wanyika. Bendi hiyo ilizaliwa Nairobi mwaka 1978, ikarekodi Nairobi, na ilitokana na Simba Wanyika, bendi ya ndugu wa Kinyonga waliotoka Tanga. Je, ni ya Kenya au ya Tanzania? Miaka ya mwanzo swali hilo lilikuwa chumvi ya mazungumzo. Mkenya alisema, "Mlituletea waimbaji, sisi tukawapa studio." Mtanzania akajibu, "Basi mturudishie, shukrani tumeshatoa." Baada ya umati kuja, swali lilelile lilizaa matusi ya kutukanana nchi, rais, Kiswahili cha mtu, hata umaskini wa mama yake. Watu walibishana kurasa nzima bila yeyote kutaja jina la mpiga gitaa.

Sheria nazo zilitungwa: Tanzania ilipata Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, Kenya ikapata yake mwaka 2018. YouTube ilimwezesha mwenye chaneli kuorodhesha maneno ya kuzuiwa. Hayo yote yana kazi yake. Ila Mswahili akitaka kukuumiza hahitaji neno chafu. Anaweza kukupa pole, akakusifia, akakuombea dua, na ukalala umechomwa. Kijembe cha namna hiyo hakuna orodha itakayokikamata. Kinakamatwa na mtu anayeielewa lugha na anayewajua waliopo.

Nililithibitisha hilo katika chaneli moja ninayoifuatilia. Mwenyewe yuko ughaibuni, amepandisha nyimbo nyingi kutoka kanda za marehemu baba yake. Mambo yalipozidi angeweza kufunga maoni, kama wengi walivyofanya. Yeye aliamua kukaa na wageni wake. Tangu mwaka 2016 ilipowezekana kubandika maoni juu, alibandika yake mwenyewe kila wimbo: salamu, majina ya wanamuziki anaowajua, na ombi kwamba mwenye kujua zaidi aongeze. Aliyeongeza habari, aliijumuisha kwenye maelezo na kumshukuru. Aliyetukana, alifutiwa bila mahubiri. Aliyechokoza kwa kijembe, alijibiwa kwa upole kwa swali: "Ndugu yangu, wewe ulimsikia wapi mwimbaji huyu kwa mara ya kwanza?" Wengi waliulizwa hivyo wakaanza kusimulia, na hasira ikaishia njiani.

Siku moja, katikati ya vurugu ya Kenya na Tanzania kwenye chaneli hiyohiyo, mwanamke mmoja aliandika: "Anayepiga besi hapo ni baba yangu. Sijawahi kuisikia kazi yake tangu tulipomzika. Asanteni." Nilishuka chini kusoma yaliyofuata. Waliokuwa wakitukanana walimpa pole, mmoja baada ya mwingine, Mkenya na Mtanzania, na yule aliyekuwa mkali kuliko wote akamwuliza baba alianzia bendi gani. Dada yule akajibu, akataja na mji, na mjadala wa muziki ukarudi pale ulipokuwa umekatikia. Nadhani kilichowarudisha ni kutambua kwamba nyuma ya kila jina kuna nyumba ya watu. Zamani tulilijua hilo kwa kuwa tulikuwa wachache. Tulipokuwa wengi, ilibidi mtu atukumbushe.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema adabu imekufa kwa sababu ya vijana. Vijana wengi nimewaona wakiingia na kejeli, wakapokelewa kwa salamu, na leo ndio wanaosafisha kanda za zamani na kuandika majina ya wapigaji kwa usahihi. Tofauti kati ya chaneli yenye heshima na yenye matusi sikuiona kwenye umri, wala kwenye nchi. Niliiona kwa mwenyeji, kama yupo au ametupa video na kwenda zake. Baraza lisilo na mwenyewe hukaliwa na yeyote.

Basi wewe uliyepandisha nyimbo za wazee wetu, usiwaache wageni peke yao. Pita, salimu, taja majina, futa panapostahili kufutwa. Nawe msomaji unayeingia kusikiliza, andika unachokijua na ulikijuaje, na ukitaniwa, tania. Wapiga dansi wa miaka ya 1960 na 1970 wanapungua kila mwaka, na mengi wanayoyajua hayajaandikwa popote. Tukiwafukuza kwa matusi, hakutakuwa na wa kutuambia ni nani aliyelipiga lile solo.